Oili ya Kumshusha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei 1974
Mvua tena. Nimefungua gereji, nimewasha jiko la kuota moto, nimemalizia breki za pikapu ya mwalimu mkuu. Asubuhi Panzi, kigari changu cha kijani, kagoma tena kuingia gia ya pili. Krrr, kama anasaga karanga. Mzungu wa Kwai aliponiachia gari hili alisema nilitunze. Natunza. Lina viti viwili tu, tumbo linakaribia kulamba barabara, ila lina mbio, na mimi nalipenda kuliko inavyofaa.

Jioni mke wangu Zahara kaleta habari kutoka kwa kaka yake, ng'ambo ya mto. Daktari wa macho yuko Korogwe, anapokea wagonjwa hadi Ijumaa. Mama mkwe anaweza kutolewa mtoto wa jicho. Mwaka wa tatu huu anashikwa mkono hata kwenda chooni. Lazima aende.

Jumanne, 7 Mei
Aende na nini? Mlima umeporomoka hapa chini ya Soni. Basi halipiti, lori halipiti. Landrova ya wilaya iko na wakubwa wa kuhamishia watu vijijini. Pamebaki upenyo wa gari dogo. Panzi anapita.

Nikasema nitampeleka mimi. Nilisema kabla ya kufikiri. Viti viwili! Mkwe na mkwewe bega kwa bega, na mkono wa gia uko pale pale penye goti lake. Kila nikibadilisha gia namgusa mama mkwe goti. Nikapendekeza tufunge shuka katikati. Jibu limekuja kwa mdomo wa Zahara: mama anasema heri afe kipofu. Nimekasirika. Kisha nikaona ana haki. Mimi mwenyewe ningeangalia pembeni njia nzima, na mteremko ule hautaki dereva wa kuangalia pembeni.

Hozza, mtoto wa baba mdogo, ninayefanya naye kazi, naye ni mkwe kama mimi. Hafai.

Basi ataendesha Zahara. Nilimfundisha mwenyewe kwenye uwanja wa mpira, na ametulia kuliko mimi. Tatizo ni gia ya pili. Mimi nakanyaga klachi mara mbili, naibembeleza, inaingia. Yeye hana mazoea hayo. Na kwenda Mombo unashuka kwa gia ya pili. Ukiikosa kwenye kona umebaki na breki, na breki zikichemka umebaki na Mungu.

Jumatano, 8 Mei
Nimelala chini ya gari tangu alfajiri. Nimemwaga oili ya giaboksi kwenye karai. Nyeusi, nzito, inanuka kiberiti. Nimeisugua kati ya vidole, nikaipeleka kwenye mwanga. Unga wa njano. Shaba.

Nimeelewa na nimejichukia. Sisi tumelelewa na malori. Lori ni oili tisini, ile nzito, mbele kwenye giaboksi, tisini nyuma kwenye difu inayozungusha magurudumu, basi. Lakini giaboksi ya Panzi ina ringi za shaba, ndizo zinazoshika gia ili iingie bila kelele. Dawa iliyomo kwenye tisini ile inazila. Na kwa baridi hii ya asubuhi oili yenyewe inakuwa kama uji wa jana.

Difu ni habari nyingine. Meno yake yanasuguana kwa nguvu, yanaitaka tisini ile ile. Nimelijaza upya, sina wasiwasi nalo. Nina kopo moja la thelathini, oili ya injini, halijafunguliwa. Nataka kulitia kwenye giaboksi.

Hozza kasikia akaacha spana. Oili ya injini kwenye giaboksi? Kwenye mlima? Kaka, umerogwa. Anasema oili nyepesi itapata moto, itakuwa maji, gia itachomoka kwenye kona. Anasema nirudishe tisini, na gia ikipiga kelele nitie ndizi mbivu humo ndani iizibe, kama wanavyofanya wenye mabasi. Nimemwambia ndizi atakula mama mkwe.

Lakini maneno yangu mwenyewe hayakunituliza. Je, kama yeye ndiye anayesema kweli?

Jumatano jioni
Nimetia thelathini. Zahara kajaribu gari likiwa la baridi. Gia ya pili imeingia kwa vidole viwili. Kacheka. Mimi nikapanda hadi Lushoto na kushuka tena nikiibana gia ile ile. Haikuchomoka. Ila giaboksi inavuma, sauti ambayo haikuwapo. Tisini ilikuwa inaificha. Au ndiyo inaanza kufa. Sijui. Hozza kasikiliza, katikisa kichwa, kaenda kuswali.

Ninaiacha thelathini. Ringi zilizobaki haziwezi kungoja. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 9 Mei
Wameondoka. Mama mkwe kajifunika khanga mwili mzima. Mimi nilikaa nyuma ya gereji mpaka apande. Zahara hakuniangalia, alikuwa ameshaishika gia. Nilisikiliza mvumo mpaka kona ya kwanza. Baada ya hapo ni mvua tu.

Ijumaa, 10 Mei
Hakuna habari. Naogopa. Nimefunga nati ya gurudumu la mtu nikasahau kuikaza, Hozza kaikaza, karudi kwenye kazi yake. Angenigombeza ningepata nafuu. Mke wangu na mama yake wako kwenye oili niliyoichagua mimi.

Jumamosi, 11 Mei
Wamefika! Mchuuzi wa kabichi kapanda kutoka Mombo kwa miguu. Alhamisi asubuhi kaona kigari cha kijani huko huko Mombo, mlima umekwisha, kando ya barabara, mwanamke kwenye usukani, bibi mmoja kajifunika gubigubi, wanakula machungwa. Nilimrudisha aseme tena. Machungwa? Machungwa. Nimekaa chini palepale kwenye matope. Roho imetua. Nimekula ugali wa watu wawili. Hozza anadai tangu mwanzo alijua. Nimemwacha adai, leo hata yeye nampenda.

Jumanne, 21 Mei
Barabara imesafishwa. Zahara karudi, mzima, kachomwa jua puani. Kampitisha mama kwa kaka yake kwanza, miwani mizito usoni. Anasema kona zote gia ya pili iliingia bila ugomvi, na kwamba mvumo ule aliuzoea, ukawa unamwambia kasi yake. Nilimkumbatia mchana kweupe, mbele ya wateja.

Nikatoa oili kidogo kwenye karai. Safi. Hakuna unga. Nimeitazama muda mrefu kama mjinga.

Nimeuliza macho. Kasema mama analalamika yanauma, haongei mengi, daktari kasema tungoje. Basi tunangoja.

Alhamisi, 30 Mei
Leo nimeshika njia ya mtoni. Ukungu umeondoka mapema. Mama mkwe alikuwa anakuja upande ule, mjukuu yuko mbali nyuma yake, hakuna aliyemshika mkono. Miaka hii yote tukikutana hapo mimi ndiye ninayeingia shambani, peke yangu, na yeye hupita katikati ya njia bila kujua kwamba nipo.

Kabla sijatoka njiani kasimama. Kavuta khanga kichwani, kanipa mgongo, kaingia kwenye mahindi haraka haraka, kwa heshima zote, kama mkwe anavyomkwepa mkwewe.

Nilisimama pale nikifuta macho. Kisha nikaingia mahindini upande wangu, nikampa nafasi apite, nikaenda kufungua gereji.