Kwa Mama, Mwanafunzi wa Jumamosi Saa Nne

Tak. Kisha tak nyingine. Ndivyo vibanio vya lile sanduku dogo jeusi vilivyolia gizani kabla hakujapambazuka, nawe ukidhani sote tumelala. Mwaka mzima umetimia, Mama, tangu tukuzike, na ninapoamka bado navisikia kabla ya sauti yako ya kuniita.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii gazetini wanakujua kwa pamba. Miaka ishirini na miwili ulisimama kwenye mashine za kusokota nyuzi, ukatoka na kikohozi na saa ya ukutani ya kuagwa, ambayo haikutembea hata siku moja. Wanakujua kwa kupiga pasi mpaka matambara ya jikoni. Wanakujua kwa kumpa mtu kiti kabla hajaeleza shida yake. Wasichokijua ni kwamba ukiwa na miaka sitini na mmoja ulianza kujifunza filimbi.

Ile ndefu ya chuma, inayoshikwa kwa ubavu. Mwalimu wako ni mzee aliyepuliza kwenye bendi miaka arobaini, anayefundisha mtu mmoja mmoja chumbani kwake, juu ya duka la fundi viatu. Ulimsikia ukiwa chini unangoja kiatu kishonwe, ukapanda ngazi na mguu mmoja una ndala, ukamwuliza kama anapokea watu wazima. Akakujibu, "Watu wazima ndio wanaosikiliza." Ulirudi nyumbani ukilirudia neno hilo kama umepewa cheo.

Kaka mkubwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama, filimbi ya nini? Unataka kuwa refa?"

"Refa anapuliza huku anakimbia," ukamjibu. "Mimi nitapuliza nimekaa."

Mwalimu ana utaratibu wake. Mwanafunzi mpya hapewi filimbi nzima. Anapewa kipande cha kichwa tu, chenye tundu la kupulizia, anakaa nacho mbele ya kioo mpaka aweze kushika sauti moja, isiyotetemeka, kwa hesabu ya ishirini. Sanduku lako lilikuwa na nafasi tatu, na mbili zilikuwa tupu. "Usipulize kama unazima moto," alikuambia. "Puliza kama unapoza chai ya mtoto."

Sisi hatukuuliza. Tulisikia sauti moja ileile kila alfajiri, miezi mitatu, tukaamua kwamba unateseka. Jirani akagonga ukuta. Dada akasema kifua chako hakiwezi. Kaka akasema unajimaliza mwenyewe. Na mimi, Mama, nikasema, "Kweli."

Hapo ndipo panaponichoma. Miaka miwili ulinilelea mwanangu kila jioni ili mimi niende darasani. Ulimwogesha, ukamlaza, ukanifunikia chakula kwa sahani. Nilipofeli hesabu mara ya kwanza uliniambia nilale, kesho nijaribu tena. Hukusema hata siku moja kwamba umri wangu wa shule umepita. Cheti changu kimetundikwa ukutani kwa jasho lako, nami nilishindwa kukuachia saa moja ya Jumamosi.

Tulikukalisha mezani Jumapili, wanao wanne upande mmoja kama mahakama. Ulitusikiliza mpaka tukaishiwa maneno, kisha ukaomba kitu kimoja.

"Niacheni niende Jumamosi hii tu. Nimefika ishirini. Mwalimu amesema nikija ataniungia filimbi nzima."

"Afya kwanza, Mama," kaka akasema.

"Haya, wanangu."

Sanduku nililirudisha mimi. Mwalimu alilifungua, akakifuta kile kichwa ingawa ulikuwa umeshakifuta, akaniuliza, "Mwenyewe amesemaje?" Nikamjibu umekubali. Hukukubali. Ulisalimu amri. Nilijua tofauti yake, na nikashuka ngazi.

Ulitutoka wiki tisa baadaye, filimbi nzima hukuwahi kuishika. Daktari alitueleza kuwa ni mshipa wa kichwani. Kifua hakukitaja, mpaka nilipomwuliza mwenyewe habari ya kupuliza.

"Kupuliza taratibu namna hiyo kusingemdhuru," akasema. "Kwani nani aliwaambia?"

Hakuna aliyetuambia. Tulijiambia wenyewe, tukauita upendo.

Mwezi uliopita nilipanda tena zile ngazi. Saa yako, Jumamosi saa nne, sasa ni ya msichana mmoja karani. "Anapuliza vibaya," mwalimu akasema, "lakini kwao wamemwacha apulize." Hakusema kwa ukali. Afadhali angenigombeza. Kisha akafungua daftari lake, akaniandika saa tano. Nimepewa kichwa na kioo, kama wewe. Nimefika hesabu ya saba, na ishirini nitafika, Mama, hata kama itanichukua mwaka.

Unakumbukwa na mwanao wa kwanza, fundi bomba. Binti yako mshonaji. Mwanao dereva, ambaye hajalizungumza jambo hili tangu siku ile. Nami, kitindamimba wako. Unakumbukwa na wakwe zako, wajukuu zako saba, wenzako wa zamu ya asubuhi kiwandani, mwalimu wako, na jirani yule wa ukutani, aliyekuja msibani akakaa nje siku zote tatu.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, na tuliyokufanyia tutayakumbuka pamoja nawe.

Jana niliwasomea wote maneno haya. Kaka akaomba niongeze kwamba kifua kilikusumbua sana, hasa alfajiri ulipokuwa ukipuliza, ili watu wasije wakatuhukumu bure. Nikashika kalamu. Mwanangu, mwenye miaka saba, ambaye ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja nawe, akainua uso kutoka kwenye kazi yake ya shule, akasema:

"Bibi akipuliza alikuwa hakohoi."