Mfuko wa Tatu wa Saruji

Alhamisi, mwezi wa tisa. Shanwe, hapa Mpanda. Vumbi tangu asubuhi, joto la kukausha midomo, na mimi nimeamka na hesabu isiyokubali.

Hesabu yenyewe ni hii. Nilinunua mifuko mitatu ya saruji ili fundi aitoe sakafu ya bafu na kumwaga nyingine. Ile ya zamani ilipasuka pale tunaposimama kuoga, maji yakawa yanapenya chini na kupanda kwenye ukuta wa chumba cha mama. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa pesa ya mashine yangu ya kukoboa mpunga. Tofali za kuchoma nilizipanga kwa udongo, maana ndicho nilichokuwa nacho. Udongo ukilowa, ukuta hauna deni na mtu, unaanguka wakati wowote. Na nyuma ya ukuta huo analala mama, miaka sabini na tisa.

Tulikubaliana na fundi Nestory: karai moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Mchanga niliuhesabu mwenyewe, nimekaa mlangoni najifanya nachambua mchele. Karai kumi na nane. Mfuko mmoja unatoa karai mbili, mitatu inatoa sita. Sawa kabisa. Lakini jioni mifuko mitupu nilikuta miwili.

"Wa tatu umebebwa na upepo, Mama Neema," fundi akaniambia.

Upepo wa Mpanda siku hizi unachagua.

Nimeshadanganywa na wauza tofali, na wenye malori, na aliyekuwa mume wangu. Nilichojifunza ni kutogomba kabla sijapima.

Sakafu ikakaa siku nne. Leo, kabla vigae havijawekwa, nimeziba tundu la maji kwa tambara lililofungwa kwenye nailoni, nikamwaga maji, nikachora mstari wa penseli ukutani pale yalipofika. Hiyo ni saa mbili asubuhi. Saa saba mchana maji yameshuka upana wa vidole viwili, na ukuta wa mama umelowa upya.

Mifuko miwili ni karai nne, kwa kumi na nane za mchanga. Moja kwa nne na nusu.

Hiyo siyo sakafu, ni chujio.

Nikampigia fundi aje. Nikamwambia mfuko wangu ameupeleka Misunkumilo kwenye kibanda chake anachojenga, na kwamba mtaa mzima utajua kabla jua halijazama. Alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha mama.

"Mwache huyo mtoto wa watu," mama akasema kutoka ndani. "Mfuko ninao mimi."

Ulikuwa chini ya kitanda, umefunikwa kanga. Ni wa kujengea kaburi la baba, kule Kasokola. Alimwomba fundi amwekee pembeni na akamwapisha asiniambie.

"Bafu umelijenga mara mbili," akaniambia. "Baba yako hata mara moja."

Ni kweli. Kila tukivuna namwambia mwaka huu, mama, mwaka huu. Mavuno saba sasa. Lile tuta la udongo linazidi kudidimia kila masika.

Nakiri, hasira ilikuwa bado imenishika. Nikauvuta ule mfuko, haukuja. Alikuwa ameuegemeza kwenye ukuta uleule unaovuja, na upande mmoja umeganda kuwa jiwe. Haufai bafuni, haufai kaburini. Fundi akakohoa kama mtu anayebana kicheko. Mama hakucheka. Aliinama akaugusa ule upande mgumu kwa kiganja.

Nikamwambia Jumamosi tunakwenda Kasokola. Akamgeukia fundi.

"Eti Nestory, atakwenda kweli huyu?"

Mimi. Ndani ya nyumba yangu, ninayeshukiwa ni mimi.

Basi nimeamua. Sakafu itavunjwa tena, lakini Kasokola kwanza. Mpaka hapo tutaoga uani kwa ndoo na ukuta upate kukauka. Fundi nimemwomba radhi, amepokea kwa shingo upande, na ana haki.

Jioni nimeleta mifuko mipya minne kwa bajaji. Mama ametoka na mkongojo wake, akaihesabu mmoja mmoja, kisha akarudia kutoka mwanzo. Nilisimama pembeni nikamsubiri amalize.