Kengele Iliyoshtua Kaunti Nzima

Dada Furaha,

Eish, laiti ungekuwa hapa kwa mdogo wetu Amani! Kaunti hii ya Marekani ni tambarare ya mahindi mpaka macho yachoke. Robot ya barabarani, zile taa za kuongoza magari, iko moja tu, na ng'ombe ni wengi kuliko watu.

Leo tumembatiza mtoto wake katika kanisa la mbao lililojengwa na wahamiaji kutoka Norwe. Bibi Ruth, mjukuu wao, alinishika mkono, Amani akitafsiri. "Vijana wetu walihamia mijini. Tulikuwa karibu kulifunga kanisa, ndipo ninyi Wakongo mkaja kufanya kazi katika kiwanda cha nyama. Hatukuwa tumebatiza mtoto kwa miaka mingi. Shangazi, piga kengele!"

Nikavuta kamba kwa nguvu zote, na vigelegele juu. Kumbe huku kengele ikilia hivyo, watu hudhani kuna moto! Wakulima wakaja mbio na matrekta na matangi ya maji. Amani akawanyanyulia mtoto. Wakavua kofia, wakacheka, wakakaa nasi kula sombe, majani yetu ya muhogo. Mzee mmoja akampakata mtoto, akasema, "Kumbe tumeongezeka!"

Wabusu watoto, wasalimie wote wa saluni yetu hapo mtaani Umbilo. Nawapenda mno.

Neema