Miadi ya Macho

3 Machi
Mwanangu mpendwa,
Hujambo? Mimi na mama yako tu wazima, ila jicho la kushoto linanisumbua. Juzi nilishona mfuko wa suruali ndani nje, mteja akacheka. Nilikwenda kliniki ya macho, mlinzi akasema miadi siku hizi ni kwenye tovuti tu. Nikamwambia kwa maringo kwamba tovuti hiyo kaitengeneza binti yangu. Nimejaribu mara mbili, inanirudisha mwanzo. Bila shaka nakosea mimi. Nielekeze.
Baba yako, fundi

9 Machi
Shikamoo Baba,
Natumaini jicho lina nafuu. Ni rahisi: jaza fomu, kisha bonyeza kitufe cha kijivu chini kabisa. Usikawie, dakika tano zikipita inafuta. Samahani kwa ufupi, kazi zimenizidi.
Mwanao

20 Aprili
Shikamoo Baba,
Mbona kimya? Ulipata miadi?
Mwanao

2 Mei
Mwanangu,
Salamu nyingi. Mwandiko huu ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Kitufe sikukiona. Kwangu kijivu na cheupe ni kitu kimoja, na dakika tano huishia kwenye kutafuta herufi za jina langu. Nilijaribu siku kumi na moja. Sikukwambia, maana ni kazi ya mkono wako. Wiki iliyopita mama yako alinipeleka hadi mlangoni kwa daktari, akagoma kuondoka. Daktari kasema la kushoto limekwenda. Tungewahi mwezi mmoja tu, angeliokoa. La kulia wanalitibu. Usilie. Kwenye benchi tulikuwa sita, sote tovuti imetushinda.
Baba yako

16 Mei
Shikamoo Baba,
Sijui hata nikuulizeje hali. Barua yako nilimsomea meneja wangu kazini. Akasema, "Lakini watu wengi wanaitumia." Nikamwuliza, "Walioshindwa uliwauliza?" Nikaalika wazee wanne waijaribu tovuti, nikakaa nyuma yao bila kusema neno. Bibi mmoja alikwama palepale ulipokwama wewe, akawa anaiomba radhi kompyuta. Nilitoka nje.

Sasa kitufe ni kikubwa, cha buluu. Fomu haifutiki. Namba ya simu iko juu kabisa, na yupo mtu wa kuipokea. Jana wote wanne walipata miadi. Meneja alipiga makofi. Mimi mikono haikuinuka.

Nakuja Jumamosi. Ukinisamehe kwa barua sitaamini, Baba. Nikifika, nigombeze kwanza.
Mwanao