Mji Niliouchagua kwa Visahani

Mke wangu mpendwa, Mama Rehema,

Nakusalimu kwanza, kabla hujaikunja barua hii ukawashia jiko. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kidogo kwa kulala chini ya mabasi nikiyatengeneza, lakini chakula nakula na usingizi ninao. Wewe hujambo? Rehema hajambo? Goti la Mama limepata nafuu, au bado anajifanya haliumi ili mumruhusu kwenda Ganako kwa dada yake? Na maharage mmeshayatoa shambani, au tembo wamewatangulia? Nijibu yote, hata kama bado umeninunia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Jumapili ulisema, "Baba Rehema, umerogwa? Wenzako wanachagua mji kwa kazi, kwa shule, kwa kanisa, wewe unachagua kwa visahani?" Ukakata. Nilipopiga tena akapokea Mama, akasema umekwenda shambani. Saa mbili usiku, shambani! Basi barua haikatiki, na dada mmoja wa Mbulu anayefanya kazi ya uuguzi huku Ufini anakuja likizo, atakuletea mkononi.

Kwanza nikueleze huo mchezo, maana nasikia umeshawatangazia majirani kwamba nimerudia utoto. Ni gofu, ila badala ya mpira unarusha kisahani cha plastiki. Msituni wamesimamisha nguzo, na kila nguzo ina kikapu chenye minyororo inayoning'inia. Unarusha kutoka mbali, unakifuata, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kutumbukia kikapuni. Kisha unakwenda nguzo nyingine. Hakuna kiingilio. Wanacheza wazee, wanacheza wajawazito, wanacheza watu na mbwa wao. Mafundi wenzangu wa gereji ndio walionipeleka. Waliposikia kwetu ni karibu na Ngorongoro walishangilia, wakasema leo tumepata Mmasai, huyu atarusha kama rungu. Nikawaambia mimi ni Mwiraqw, mkulima wa Rhotia, na fimbo niliyoizoea ni ya kupigia maharage. Hawakusikia. Kisahani changu cha kwanza kilizama ziwani, na habari za Umasai zikaishia hapo.

Sasa nije kwenye lenyewe. Gereji niliyokuwa nikifanyia kazi inafungwa, na kampuni ikanipa miji mitatu nichague mmoja. Kwa kuwa vibali vyenu vya kuja kuishi huku vimetoka, huo ndio mji mtakaofikia wewe na Rehema. Wewe ulitaka Turku, kwa sababu yuko Veronika, binti ya shangazi yako, na ipo ibada ya Kiswahili. Nami nilikuwa nimekubali. Wenzangu walinisukuma Oulu kwa ajili ya mshahara. Mji wa tatu, Kajaani, hakuna hata mmoja aliyeutaja.

Lakini unaikumbuka siku Rehema alipopotea. Ulikuwepo, mimi sikuwepo, na nadhani ndiyo maana hatuelewani. Ulinipigia ukilia kwamba mtoto ametoka nyuma ya nyumba na kushika njia ya msituni, na jua linashuka. Mimi niko chini ya basi, spana mkononi, ningefanya nini? Nikakaa sakafuni. Ulisahau kuikata simu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia ukunga wako, kisha wa jirani, kisha wa mtu wa mbali zaidi. Nilisikia pikipiki zikiwaka kijiweni, bodaboda wote pamoja, na mwenye duka akipiga kelele kwamba duka litajilinda lenyewe. Hakuna aliyeuliza mtoto wa nani. Mpaka walipomkuta korongoni, amekaa anapanga mawe, na nyayo mbichi za nyati ziko pale pale, mimi nilikuwa bado nimekaa sakafuni.

Tangu siku hiyo nina hofu moja. Mtoto wetu hasemi. Akipotea haiti mtu, na akiitwa haitiki. Huku msitu unaanzia barabara inapoishia, na maziwa ni mengi kuliko mabwawa yote ya Karatu. Akitoka mlangoni siku moja, nani atatoka kumtafuta? Swali hilo huwezi kumuuliza mtu wa ofisini. Atakuandikia namba ya polisi kwenye karatasi na kukutakia siku njema.

Ndipo nilipoufikiria mchezo. Una kanuni kwamba kisahani cha mwenzenu kikipotea, wote mnaocheza pamoja mnasimama kumsaidia kukitafuta kwa dakika tatu. Wapita njia hawahusiki. Nikasema, basi nitakwenda miji yote mitatu, nitacheza peke yangu, nitakirusha kichakani kwa makusudi, nione wasiohusika watafanya nini. Najua unacheka. Cheka, lakini endelea kusoma.

Turku walipita wengi. Walinipa pole, na mmoja akanishauri kwa upole ninunue kingine. Si watu wabaya, wana haraka zao. Veronika alikuwa amenisindikiza, akasimama kwenye njia na kiatu chake kizuri, akasema, "Shemeji, achana na hicho kiplastiki, chai inapoa." Usimwambie nimekuandikia hili. Oulu vijana wawili walikuja bila kuitwa, wakatafuta dakika tatu kamili wakitazama saa, wakanishika mkono wakaenda zao. Walinitendea vizuri kuliko kanuni inavyodai. Ila nilijiuliza kama Rehema angepatikana kwa dakika tatu.

Kajaani alinikuta mama mmoja mstaafu, anaitwa Helmi, na mumewe. Aliweka mfuko wake chini, akauliza kisahani kina rangi gani. Nikasema cha njano. Akaingia kichakani. Mumewe akaenda kuwaita waliokuwa nguzo ya mbele, nao wakaja, wakajipanga mstari, kila mtu na hatua zake, wakitazama chini. Mvua ikaanza. Nikangoja waondoke, hawaondoki. Mimi nakijua kilipo, nilikiona kikiingia chini ya gogo! Nilivumilia mpaka nilipomwona Helmi amepiga magoti kwenye matope, umri wa Mama yule, nikashindwa. Nikaenda kukitoa, nikawaambia ukweli kwa Kifini changu cha kuungaunga.

Mumewe alikunja uso, na alikuwa na haki. Helmi akaniuliza, "Kwa nini umetufanyia hivi?"

Nikamweleza. Nikasema nina binti wa miaka minane ambaye hasemi, anayetoka nyumbani na kwenda, na nilitaka kujua watu wa hapa watatafuta mpaka lini. Nikasema akiitwa jina hageuki, lakini chuma kikilia anakifuata, iwe kengele ya ng'ombe, iwe mfuniko wa sufuria.

Helmi akatembea hadi kwenye nguzo, akaishika minyororo kwa mikono miwili na kuitikisa. "Na hii ataifuata?"

Nikaitikia kwa kichwa, Mama Rehema, nao wakaelewa kwamba ni ndiyo.

Jioni ya pili walirudi na wenzao, hata yule mzee aliyekunja uso. Kila mmoja akasimama kwenye nguzo yake, na mimi wakanituma niteremke hadi kwenye nyumba za kupanga zilizo ukingoni mwa msitu, nisikilize kama sauti inafika. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Wakatikisa. Ilifika. Ilifika kutoka kila upande, msitu mzima unalia chuma, na watu wanaotikisa hawajamwona mtoto wetu hata kwa picha. Nililia barabarani, mwanamume mzima na koti la gereji, na sioni haya kukuambia.

Nyumba moja kati ya hizo nimeipanga, mkataba nimeshautia sahihi. Najua utakayosema. Ibada ya Kiswahili haipo, tutaomba sebuleni, na wewe ndiye mwenye sauti. Baridi ni kali, nitakununulia koti lenye manyoya mpaka Mama akuogope kwenye picha. Shule ya watoto kama Rehema ipo, nimeingia ndani na kuongea na mwalimu. Veronika utamfuata kwa treni, na ukimzoea sana utafurahi kurudi.

Nisalimie Mama, mwambie goti lisifichwe. Nisalimie baba mkwe, na umwambie dawa ya ng'ombe aliyoniagiza imo kwenye mzigo utakaoletewa pamoja na barua hii. Nisalimie mwenye duka, vijana wa kijiweni, na Mama Elibariki jirani yetu, ambaye ndiye aliyembeba Rehema mgongoni kutoka korongoni. Huyo msalimie mara mbili. Rehema usimwambie kitu, mshike tu mkono kwa niaba yangu, ule wa kushoto anaoupenda.

Neno la mwisho, na hili sitalibadilisha hata ukikata simu kila Jumapili. Ukiikataa Kajaani, sitakulazimisha kuja. Nitauza vyombo, nitarudi Rhotia nishike jembe, na hutanisikia nikinung'unika. Lakini Turku siendi, na Oulu siendi, hata wakinikabidhi gereji iwe yangu. Duniani kote najua sehemu mbili tu ambako binti yetu akipotea watu watatoka. Chagua mojawapo, utanikuta hapo.

Ni mimi mumeo, mbishi uliyemkubali mwenyewe mbele ya kanisa zima,

Baba Rehema