Pindo la Gauni la Bluu

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, chakula cha bweni kinalika, na chumba nimepata cha peke yangu, kama nilivyotaka. Uliponisihi nije kusoma huko kwenye jiji lako, nilikujibu kwamba makelele yangeniua. Basi mji niliouchagua umetulia kweli. Wiki iliyopita nilimaliza siku tatu bila kuitikia salamu, maana hakuna aliyenisalimu.

Usimwambie mama, lakini nilidhani napenda ukimya. Kumbe nilipenda kunyamaza huku cherehani yake ikinguruma chumba cha pili.

Nyuma ya chuo yupo mama mmoja fundi cherehani. Kila Ijumaa nafumua pindo la gauni langu la bluu, Jumamosi nampelekea, nakaa kwenye benchi lake mpaka amalize. Jumamosi iliyopita aliligeuza-geuza, kisha akanitazama.

“Binti, pindo hili nimelishona mara nne. Kitambaa kimechoka kutobolewa. Wiki ijayo njoo mikono mitupu, benchi lipo.”

Nilikaa benchini mpaka alipolimaliza.

Leo ni Ijumaa, dada, na gauni sijaligusa.

Ni mimi mdogo wako,
yule mnayemwita Bubu