Kelele za Dunguni

Bibi Zuhura,

Ni mimi Hamisi, mumeo wa utani. Hapa Mtunda sina mwingine wa kumwambia haya, na nimechoka.

Rajabu ameachiwa. Ndiye kijana wa mwisho uliyekuwa ukimtembelea mahabusu, ukamwahidi utampokea siku atakayotoka. Katoka, wewe hupo. Hasemi na mtu. Kutwa amekaa nyuma ya nyumba, uso ukutani. Mama yake ameficha visu vyote, siku hizi samaki anapara kwa kijiko. Afisa ustawi wa jamii alikuja, akasema mshauri mwingine wa kushika nafasi yako atatafutwa. Bado anatafutwa. Wajomba wanasema ni pepo. Majirani wanasema mwizi ni mwizi tu, apelekwe Dar akapotelee huko. Nakuonea hasira, Bibi. Ungetufundisha kwanza, ndipo ufe.

Mimi nilipotoka jela nilikuwa nataka kumpiga kila mtu. Hukuniuliza kwa nini nilimjeruhi mwenzangu. Ulinipandisha dunguni, kwenye kichanja kilichoinuka juu ya mpunga wako, ukasema, "Haya mume wangu, amia ndege. Piga kelele mpaka koo likauke, hapa hakuna wa kukuuliza una nini." Nikawatukana wale kwelea matusi niliyokuwa nimewawekea watu. Siku nyingine nililia, nawe ulikuwa chini unapalilia, ukajifanya kiziwi. Jioni ndipo uliponiambia, "Ndege wamekoma. Sasa nieleze." Nikaeleza. Kwa muda mrefu nilidhani ulikuwa umekosa tu kibarua wa kukufukuzia ndege.

Jana nikampandisha Rajabu. Ndege wakashuka, yeye kimya. Nikamwambia maneno yako yote, "mume wangu" nusura initoke. Akanipa mgongo. Mpunga unaliwa, tunautazama. Niliogopa, Bibi. Nilimwona huyu mtoto tunamzika. Basi nikapiga kelele mimi, na hazikuwa za ndege. Nilikuita jina lako mpaka sauti ikakatika.

Akageuka. Akasema taratibu, "Huyo si aliacha kuja?"

Bibi, hajui. Ulipofariki, wazee walisema asiambiwe akiwa ndani, asije akachanganyikiwa, si unajua tunavyowaficha msiba walio mbali. Alipotoka, mama yake alidhani nimemwambia mimi, nami nilidhani kaambiwa nyumbani. Muda wote huu anaamini ulimchoka.

Nikamwambia palepale. Nilimwambia vibaya, maneno yakigongana. Alijikunja kwenye mbao za dungu akalia kwa sauti, na kwelea wote wakaruka. Sikumgusa. Nilitazama upande wa pili, nikawa kiziwi kama wewe.

Sijui kama imetosha. Leo amerudi tena ukutani, ila alikunywa uji. Ijumaa nitamleta kaburini kwako akuone ulipo. Na siku nitakayoshindwa kwenda kwake nitamtumia mtu amwambie kwa nini, hata kama sababu ni mbaya kiasi gani.

Mungu akulaze pema, Bibi. Kesho alfajiri tunapanda dunguni wawili.

Mumeo,
Hamisi